Mwendo wa Pili

Binti yangu anayeishi Liège ndiye aliyenitumia ile rekodi. Kwa miaka mingi nilikuwa nikimsumbua: nitafutie simfonia ya Tata Allemand, nitafutie hata kipande. Tata Allemand, yaani Baba Mjerumani, ndivyo tulivyomwita kule Kolwezi, mji wa migodi, maana jina lake halisi lilikuwa na konsonanti zinazogombana mdomoni, na kila aliyejaribu kulitamka alitoka na jina jipya. Sitaliandika hapa. Limeshatajwa vya kutosha. Binti yangu ananieleza kwamba siku hizi huko Ulaya wamewapenda upya watunzi wa karne ya kumi na tisa waliosahauliwa. Wanaingia maktaba, wanapangusa vumbi, wanarekodi simfonia ambazo hata wajukuu wa watunzi hawakuwahi kuzisikia. Zamu ya Tata Allemand wetu ilikuwa imefika. Nilikuwa jikoni kwangu Lubumbashi, nachambua sombe, majani ya muhogo, nikaegemeza simu kwenye kopo la chumvi, nikabonyeza.

Mwendo wa kwanza, kati ya sehemu zake nne, ulinikuta nyumbani. Nilijua kila kona yake. Niliimba sehemu ya violini ya kwanza kwa majina ya noti, do na re na mi, kama tulivyofundishwa, na sauti yangu ya uzee ikapanda mahali ambapo sikudhani bado inaweza kupanda. Kisha ukaja mwendo wa pili, nikafuta mikono na kutulia, kwa kuwa huo ndio Adajo, ule wa polepole, ndio niliokuwa nimeungoja. Ukaanza muziki mwingine kabisa. Ulikuwa muziki mwepesi, wa watu wanaotembea bustanini baada ya chakula. Kwanza niliwalaumu Wazungu. Nilimpigia binti yangu nikamwambia hao vijana wa okestra wameharibu, wamebandika kitu kisicho mahali pake. Akasoma maelezo yaliyokuja na rekodi, akanijibu taratibu kwamba walipiga kutoka kwenye muswada wa mtunzi mwenyewe, na kwamba mwendo wa pili umekuwa huo tangu alipouandika. Nikasikiliza wa tatu na wa nne. Ilikuwa yetu, noti kwa noti.

Nilikaa na sombe mapajani. Ule Adajo ambao Kolwezi nzima inawalilia nao wafu wake haukuwa wa Tata Allemand. Mtu mmoja tu ndiye aliyeuleta mbele yetu. Nadhani mtu mwingine angeshangaa kwanza, au angefurahi. Mimi aibu ilinifika kabla ya vyote viwili, kwa sababu papo hapo nilikumbuka mwaka ule, na nikajua kwa nini alifanya hivyo.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza sekondari na sikuwa na la kufanya zaidi ya kwaya. Tulifanyia mazoezi Serkle, klabu ya wafanyakazi wa kampuni ya mgodi, kwa sababu paruasi, parokia yetu, haikuwa na ukumbi. Sakafu ilikuwa ya mbao, na katikati palikuwa na meza ya biliadi iliyochanika kitambaa, imefunikwa turubai, na juu yake tuliweka vitabu, mikoba na watoto wachanga wa akina mama. Alasiri, walipolipua miamba kwenye mgodi wa Mashamba, madirisha yalitetemeka na kipande cha chokaa kingeweza kukuangukia kichwani. Hatukuacha kuimba kwa woga, tuliacha kwa adabu. Tata Kayembe, mwalimu wetu, aliubakiza mkono wake hewani mpaka mlipuko uishe, halafu akaushusha, nasi tukaendelea palepale tulipoachia. Wageni walishangaa. Sisi tulidhani kwaya zote duniani zinafanya hivyo.

Tata Kayembe alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye shati la kaki la kampuni lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama. Kazini alikuwa mtunza stoo, akitoa vipuri kwa mafundi, na lugha ya stoo ilimfuata mpaka kwenye muziki. Akisikia mtu ameongeza noti isiyo yake alisimamisha kila kitu na kusema, "Hii la haiko na mwenyewe. Murudishe." Tulimpenda, nataka niliseme hilo wazi. Tulimpenda kama unavyompenda mtu ambaye hujawahi kujiuliza anawaza nini. Juu yake alikuwapo rais wa kwaya, maana kwetu hata kikundi cha kufagia kanisa kina rais. Huyo alikuwa Tata Ngoie, sauti ya nne, mwenye kitambaa cheupe cha kufutia shingo na neno la mwisho katika kila jambo.

Mapema mwaka ule, Tata Kayembe alikuja mazoezini na karatasi alizoziandika kwa mkono, akazigawa. Ulikuwa wimbo mfupi. Tuliuimba mara moja, tukisoma. Tata Ngoie akaigeuza karatasi yake kutafuta jina upande wa nyuma.

"Hii ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Yako, ulitosha wapi, ulitoa kwa nani?"

"Sikutosha fasi. Nilitunga mi mwenyewe."

Tata Ngoie akafuta shingo. "Bon, Tata Kayembe, tunakushukuru. Ile tutaimba siku ya mariage ya mutoto yako." Watu wakacheka. Mama mmoja wa sauti ya pili akasema, "Na akikosa kuolewa?" wakacheka tena. Tata Kayembe naye akacheka, akapita mstari kwa mstari akizikusanya karatasi, na alipofika kwetu wasichana tukamrudishia bila kuacha mazungumzo yetu. Halafu tukaimba kitu cha Mfaransa fulani. Hakukuwa na ubaya wowote mle ndani, na hilo ndilo linaloniuma. Ubaya ningeuelewa. Nabii hana heshima kwao, tulikuwa tukilisikia kila mwaka likisomwa kanisani, tukitikisa vichwa kuwahurumia watu wa Nazareti kwa ujinga wao.

Baada ya hapo mama yake Tata Kayembe alifariki huko kwao Kasaji. Mwanawe alipanda treni ya magharibi siku ileile, lakini behewa la mizigo lilikuwa limeacha reli huko mbele, treni ikakaa porini, na alipofika walikuwa wameshamzika. Alirudi Kolwezi na kichwa kilichonyolewa. Kwaya nzima tulikwenda kwake kwenye kilio, tukakaa kwenye mikeka uani, tukaimba, tukala, tukarudi makwetu. Wiki iliyofuata alikuwa Serkle, mkono hewani, akingoja Mashamba inyamaze.

Kisha kampuni ikataka makabati ya Serkle yaondolewe, na nyuma ya mojawapo, lile lililoegemea ukuta wenye unyevu, likapatikana bunda la karatasi zilizofungwa kwa kamba ya katani. Zilikuwa za okestra ya Wazungu waliofanya kazi Kolwezi kabla hatujazaliwa: violini, viola, filimbi, pembe, kila chombo na karatasi zake. Mchwa walikuwa wametoka ukutani na kula katikati ya bunda. Mwendo wa kwanza ulikuwa salama, wa tatu na wa nne pia. Wa pili ulikuwa na shimo ambalo ungeweza kupitisha ngumi. Tata Kayembe alizipuliza, akazisoma akiwa amesimama, midomo ikitembea. Akasema huyu mtunzi yeye hamjui, na redio haimjui, lakini ni mtu anayestahili kuimbwa.

"Ile ya pili je?" Tata Ngoie aliuliza. "Mucwa balisha kula."

"Nitaibeba ku nyumba. Nitaangalia bile balibakisha."

Hatukuwa na violini hata moja. Tulikuwa na fanfari ya paruasi: tarumbeta, tromboni, klarineti moja iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli, na ngoma kubwa. Lakini kwaya za kwetu zinasoma solfa, zile herufi za do na re zinazopangwa kwa mistari na nukta, na anayejua solfa haogopi karatasi yoyote. Tata Kayembe aliamua kwamba fanfari itapiga sehemu zake na sisi tutakuwa violini. Tutaimba majina ya noti yenyewe, bila maneno. Kwa kuwa mwandiko wangu ulisifiwa na masista, nilichaguliwa kuwa mnakili.

Kwa hiyo mwaka ule Jumapili zangu zilikuwa za nyumba ya Tata Kayembe. Sebule ilikuwa na meza ya kitambaa cha plastiki chenye picha za zabibu, cherehani ya mkewe Mama Odette, na redio iliyovishwa kitambaa cha kufuma kama vile itaugua baridi. Umeme wa bwawa la Nzilo haukukatika siku zile, na taa ilikuwa inaachwa ikiwaka mchana bila mtu kuiona. Mama Odette alipika bukari, ugali wetu, ngumu kama wanavyoipenda watu wa Kasaji, na mboga ya lengalenga, na samaki wadogo wakavu wa tshisense waliokaangwa na nyanya mpaka wakawa na ukali wa kukufanya utafute maji. Nilikula sana. Mama Odette alisema solfa inakaa tumboni, na kwamba mwenye njaa anaruka nusu noti. Baada ya kula nilinakili, na Tata Kayembe alikaa upande wa pili wa meza na karatasi zake za mwendo wa pili, penseli na kifutio.

Alikuwa akifuta mno. Nayakumbuka makombo ya kifutio yakiwa yamelala juu ya zabibu za plastiki, na Mama Odette akiyafagia kwa kiganja. Alikuwa anaandika mstari, anauimba chini kwa chini, anaufuta, anaangalia dirishani. Mtu anayenakili kitu kilichokwisha kuandikwa na mwingine hafuti namna ile. Nilikuwa na mwandiko mzuri, akili sikuwa nayo. Zile karatasi zilizoliwa na mchwa zilikuwa zimewekwa kandoni mwake, na sikumbuki kumwona akizitazama.

Jumapili moja nilikuwa nanawa mikono uani, chini ya dirisha la jikoni, nikawasikia ndani.

"Ni ya mama yako," Mama Odette alisema. "Ya mama yako, na unaipa mutu hatumuyue."

"Batu batapokea mu mikono yake. Mu mikono yangu, batapokea?"

"Ukiongea, batapokea."

"Odette, nilisha kuongea."

Nilidhani wanagombania kitenge. Marehemu alikuwa ameacha vitenge, nilivisikia vikitajwa kwenye kilio, na nikawaza kwamba Tata Kayembe ametoa kimoja kwa mtu wa nje na mkewe hakupenda. Niliona haya kusikiliza mambo ya ndani ya watu, nikapiga maji kwa kelele ili wajue nipo. Nilipoingia Tata Kayembe alinipa ukurasa wa kwanza wa Adajo ninakili.

Tuliuimba kwa mara ya kwanza Serkle, alasiri. Sauti ya pili inashika noti moja ya so, ndefu, haisogei, na juu yake sisi sauti ya kwanza tunateremka kutoka do ya juu, ngazi kwa ngazi, kama mtu anayeingia uani pa watu taratibu. Halafu wanaume wanajibu. Katikati kuna kipande kinachorudi mara tatu, na kila kinaporudi kimeshuka kidogo na kimepata sauti moja zaidi. Tulipomaliza hakuna aliyegeuza karatasi. Mtoto mmoja juu ya meza ya biliadi alikuwa ameamka na anatutazama. Tata Ngoie alitoa kitambaa, na safari hii hakufuta shingo.

"Ule muzungu," alisema, "aliyua kilio."

Wote tukakubali kwamba alikijua kilio. Tulizungumza juu ya huyo Tata Allemand kwa muda mrefu siku ile. Mmoja alisema lazima alizika watoto. Mwingine alisema Wajerumani wa zamani walikuwa watu wa shida kama sisi. Mimi nilisema, nakumbuka sauti yangu ilivyojaa ujuzi, kwamba hiyo ndiyo tofauti ya mtunzi wa kweli: hata mchwa wakimla, kilichobaki kinasimama. Tata Kayembe alikuwa anafunga bunda lake kwa ile kamba ya katani. Aliniangalia, akatabasamu, akakubali, "Njo vile, Marceline." Tuliimba simfonia nzima mwisho wa mwaka, Serkle ikajaa mpaka nje, na watu waliondoka na kitu kimoja tu kichwani. Fanfari ikaupeleka Adajo kwenye mazishi. Kufikia msimu wa mvua uliofuata, watu wasiojua kusoma solfa walikuwa wakilia nao, do, ti, la, so, nyuma ya majeneza yao. Vijana wachimbaji waliokuja baadaye kutoka kila upande wa Kongo wameukuta mjini, na wanauimba wenzao wakifukiwa. Wakiulizwa ni wimbo gani wanasema ni wa Mjerumani wa zamani. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji wetu hakupona.

Baada ya ile rekodi nilipanda basi kwenda Kolwezi. Paruasi ilikuwa imetualika wanakwaya wa zamani kwa jubilei yake, na kabla ya hapo nilikuwa nimeamua kutokwenda, kwa sababu ya maumivu ya magoti. Tata Kayembe bado yuko kwenye nyumba ileile. Mama Odette hayuko tena. Jirani wa kushoto anachimba kobalti ndani ya sebule yake mwenyewe, chini ya turubai la rangi ya chungwa, na ukikaa kwa Tata Kayembe unasikia nyundo chini ya miguu. Alinipokea kwa mikono miwili, akaniuliza habari za watoto, akanipa soda. Sikujua nianzie wapi, kwa hiyo nikampa simu. Aliiweka sikioni na kuusikiliza ule mwendo wa pili wa kweli wote, macho yamefumbwa, kidole kikipiga goti.

"Ni muzuri," alisema. "Eko na furaha, ule tata."

"Tata, Adajo ni yako."

"Njo," alikubali.

"Juu ya nini haukusema?"

Akanirudishia simu. "Nilisema, Marceline. Mara ya kwanza nilisema ni yangu. Haukukuwa pale?"

Nilikuwapo. Nilikuwa mstari wa pili, nilirudisha karatasi bila kumtazama. Hakuniuliza kwa kunishitaki, aliuliza kama mtu anayetaka kuhakikisha kumbukumbu yake, na nilitamani angenitukana. Nilisema nilikuwapo. Akatikisa kichwa, basi, tukasikiliza nyundo za jirani. Nilimwomba anieleze wimbo wake, nami nikajisikia mjinga, mtu aliyeuimba karibu maisha yote anaomba kuelezwa. Alinieleza bila maringo. Alipofika Kasaji hakukuta jeneza wala watu wanaolia, walikuwa wameshatawanyika. Lakini kwao anayekuja kwenye kilio hulia mara tatu, hata kama amechelewa: mlangoni, halafu kwenye moto wa wanaume, halafu kwenye mkeka alipolala marehemu. Alilia mara tatu peke yake, watu wakimtazama.

"Njo sababu inarudia," alisema. "Ku mulango. Ku moto. Ku mukeka. Pale ku mukeka, pale basi njo mama."

Nilimwambia nataka kuwaambia kwaya. Nilidhani atakataa, na nadhani sehemu fulani ya moyo wangu ilitaka akatae. Akasema amechoka kumbeba yule Mjerumani mgongoni, ni mzito, na yeye ni mzee. "Sema kama unapenda. Lakini kama batu balisha kuyua mwenyewe ni nani, itakuwa kitu yao. Haitakuwa yangu tena ya kuchunga." Sikuelewa. Nilikuwa na hamu ya kutenda haki, na mtu mwenye hamu hiyo hasikii vizuri.

Mazoezi ya jubilei yalikuwa kanisani, Jumamosi asubuhi. Serkle imekuwa ghala la mtu. Kulikuwa na wazee wachache wa wakati wetu na vijana wengi wenye simu zilizobeba picha za solfa. Rais siku hizi ni mwanamke, Mama Bibiane, mtu mwema, mwalimu wa shule. Tuliimba Adajo kwanza. Vijana waliuimba vizuri kuliko sisi tulivyowahi kuuimba. Tata Kayembe alikuwa amekaa benchi la mbele na fimbo yake. Halafu nikasimama nikasema. Nilieleza rekodi, muswada, kila kitu, na nikamtaja. Kisha mama mmoja wa nyuma akapiga vigelegele, wote wakafuata, vijana wakaja kumshika mkono, Mama Bibiane alilia waziwazi. Tata Kayembe alisimama akainama kidogo kila upande. Sijawahi kumwona na uso ule. Nilijiambia kwamba nimelipa, kwamba aibu ile imekwisha, naweza kulala.

Tulikaa tena ili turudie wimbo kwa heshima yake. Mama Bibiane akauangalia ukurasa. "Tata," alisema kwa upole kabisa, "kwa kuwa mwenyewe uko hapa, naweza kuuliza? Hapa katikati inarudia mara tatu. Na missa ya jubilei iko murefu, musenyeri, askofu wetu, atakuwa pale. Tunaweza kufanya mara moja?"

Kabla hajajibu, mpiga tarumbeta akasema kwamba yeye pia, tangu zamani, aliona pale panachosha midomo. Mzee mmoja wa wakati wetu, ambaye nimemwona akiulilia wimbo huo kwenye kaburi la mkewe, akasema bila kukusudia baya kwamba so ya sauti ya pili ingefaa isogee kidogo, maana inakaa palepale. Kijana mmoja alipendekeza ngoma. Kila mmoja alianza na "Tata, samahani" na kila mmoja alitabasamu. Karatasi zilizokuwa zimeshikwa kwa mikono miwili asubuhi ile zilikuwa sasa zimewekwa magotini, na kalamu zilikuwa zimetoka mifukoni. Hakuna aliyewahi kumwomba Tata Allemand afupishe hata noti moja.

Tata Kayembe alinitazama. Mimi ndiye niliyejua ya mlango, moto na mkeka, mimi peke yangu mle ndani, na nilikuwa nimesimama bado, watu wangenisikiliza. Akangoja kidogo, halafu akaomba penseli. "Mukate," alisema. "Mubakishe ya kwanza." Akachora mstari mwenyewe juu ya ile ya moto, kisha juu ya ile ya mkeka, kwa mkono uliotulia, na akairudisha penseli kwa aliyemwazima. Mama Bibiane akatoa sauti ya kuanzia. Tukaimba. Tulipofika mahali palipokatwa tukapita, wimbo ukaenda mbele bila kukwaa popote, na mimi niliyeupenda tangu nikiwa na miaka kumi na tisa nikasikia, kwa masikio yangu mwenyewe, sawa na wengine wote, kwamba kweli ulikuwa umezidi urefu.